Mkwe Mwenye Pamba Mdomoni

Huyu Herbert Wanzala nilijua blanketi lake kabla sijajua uso wake. Alipanga chumba nyuma ya nyumba yangu hapa Mpumudde, na dirishani hakuweka pazia kama watu. Aliweka blanketi zito la kijivu, akalipigilia misumari. Watu wanaamka, wanafagia, wanapika chai, wanagombana, jua linafika utosini, na blanketi liko palepale. Nikawauliza wapangaji wengine, "Huyu ni mtu au ni popo?"

"Mama, anafanya kazi kiwanda cha vyuma. Zamu ya usiku."

"Hata wezi wana zamu ya usiku," nikasema.

Wala sikuwa natania. Mimi nimezaliwa kambi ya jela hapa Jinja. Baba yetu alikuwa askari jela, Mgisu wa Nakaloke, kule Mbale, na kambini watu wa makabila yote walikutana kwenye Kiswahili, basi hicho ndicho nilichonyonya. Shule nilionja tu nikatema. Lakini kengele ya kambi ilinifundisha: ikilia unaamka, ikilia unalala, na mtu anayelala mchana ama ni mgonjwa ama ana la kuficha.

Herbert hakuwa mgonjwa na hakuficha kitu. Ni Msamia wa Busia. Mama yake alikufa yeye angali ananyonya, baba akaoa kwingine, akalelewa na bibi, na bibi naye akaenda. Akaja Jinja na shati alilovaa. Pale kiwandani tanuru halizimwi, likizimwa chuma kinaganda ndani, kwa hiyo lazima wawepo watu wa kulilisha usiku. Wenye wake na watoto walipoikataa hiyo zamu, akapewa yeye asiye na mtu, na huko wakamsahau. Mtu mpole. Upepo ulipong'oa bati langu alipanda akalipigilia bila kuitwa, akashuka, akarudi kwenye giza lake hata chai hakungoja. Hilo nalo lilinikera. Mtu anayekimbia asante utamshikia wapi?

Kaka yangu Matia naye aliingia jela, kwa kazi, si kwa makosa. Akastaafu, akarudi Nakaloke kwenye shamba la baba, na mpaka leo watu wanamwita Afande. Binti yake Racheal akaja kwangu Mpumudde kujifunza cherehani. Mimi ndiye senge wake, ndiyo kusema shangazi, dada ya baba. Kwetu senge ndiye anayempeleka binti kwa mume, na ndiye anayejibu. Mkwe akiwa mzuri, jina lako wanalisahau. Akiwa mbaya, wanalikumbuka mpaka lile la ubatizo.

Racheal anafunga cherehani jioni, Herbert anatoa kichwa nje jioni. Hapo ndipo walipopatana, mmoja akimaliza siku na mwenzake akianza. Nilipojua nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akanyamaza.

"Senge," Racheal akaniambia, "mimi sitoroki na mtu. Nitatoka nyumbani kwa baba kwa mlango, watu wakiona."

"Na yeye popo wako anasema nini?"

"Anasema hajawahi kuwa na mlango wa kwenda kubisha. Anautaka huo wa baba."

Basi hicho ndicho Herbert alichokitaka, kingine hakukitaka: Matia ampokee, awe mkwe wa nyumba, awe na watu. Nikaona sawa. Nikaenda Nakaloke kumsemea. Nilimsifu mbele ya Matia na mke wake Topista kama mtu anayeuza ng'ombe. Hanywi, nikasema. Havuti. Haongei.

Topista akauliza, "Na kasoro yake ni nini?"

"Hana."

Hilo neno linaniunguza ulimi mpaka leo.

Sasa hapo katikati akaingia Daktari Shadiah. Huyu ni binti wa Mbale mjini, wa nyumba ya Kiislamu, amesoma mpaka kusoma kwenyewe kumechoka, na kazi yake ni kuchunguza usingizi. Alikuja Jinja kutafuta watu wa zamu za usiku. Akamvika Herbert mkononi kitu kama saa isiyo na mishale, eti inaona ukilala na ukigeuka.

"Usingizi nao unapimwa kama sukari ya dukani?" nikamwuliza Herbert.

"Senge, anasema ndani ya mwili kuna saa. Mwanga ndio unaiendesha. Anataka kujua ya kwangu inasoma saa ngapi."

"Toka nje utazame jua."

"Shida ndiyo hiyo. Miaka yote nalala mchana na mwili haujakubali. Nalala nikisikia kila kitu. Nasikia mabata. Nasikia wewe ukinisema."

Kumbe lile blanketi lilizuia jua tu, maneno yangu yalipita.

Njia ya kuisoma hiyo saa, kwa maelezo ya daktari, ni mate. Giza likiingia mwili unatoa dawa yake wenyewe ya usingizi, inaingia kwenye damu, na kidogo inapita kwenye mate. Kwa hiyo siku ya kupimwa, mchana na usiku, kila baada ya muda mtu anatafuna kipande cha pamba mpaka kilowe, anakitia kwenye kichupa, kichupa anakitia kwenye sanduku la barafu. Kabla ya kutafuna asile kitu, asinywe chai. Na avae miwani nyeusi, maana mwanga mkali unaifukuza hiyo dawa. Haya yote niliambiwa baadaye. Ningeambiwa mapema nisingekuwa na cha kusimulia.

Matia alikuwa ametaja siku ya Herbert kuja kujitambulisha na watu wake. Kisha kwa jirani kukatokea msiba, akaisogeza. Ile siku mpya ikaangukia siku ya mate. Mtu mwenye ulimi angemwambia daktari, "Nina wakwe." Au angeniambia mimi, "Nina mate." Herbert hakumwambia yeyote. Alimwonea haya daktari, akamwonea haya Afande, akaona dawa ni kuwatumikia wote wawili. Alitoka tanuruni asubuhi, hakulala, akaja Nakaloke na wazee wawili wa Kisamia aliowaomba wamsindikize. Suti ya kuazima, miwani nyeusi, sanduku la barafu mkononi.

Mtu wa Jinja akija Mbale na sanduku la barafu, hakuna anayeuliza: ni samaki wa ziwani. Mama mkwe hapokei kitu kutoka mkono wa mkwe, basi Topista alilipokea kwa mmoja wa wale wazee, akapiga magoti, akatoa kigelegele, akalikimbiza jikoni. Nilimwona Herbert akinyanyua mkono kama mwenye neno. Akaushusha. Neno lenyewe lilibaki humo humo alimoliweka.

Tukakaa uani. Chai ikaja. Herbert akasema atakunywa baadaye kidogo. Nikasikia wanawake nyuma yangu, "Anaogopa sumu?" Topista akatuma karanga. Nazo baadaye kidogo.

Matia akamtazama usoni. "Mwanangu, jua linakuumiza?"

"Hapana, Afande."

"Basi ni sisi tunaokuumiza macho?"

Watu wakacheka. Mtu mwenye akili angevua. Yeye akatabasamu na miwani yake.

Wanyera, msemaji wa ukoo wetu, akasimama kutaja nyumba yetu ilikotoka. Wanyera akianza na babu wa kwanza hashuki mpaka afike kwa mtoto aliyezaliwa juzi. Anapanda mlima, anashuka, anagawa mashamba, anaoza mabinti waliokwisha kuzikwa. Wazee wanajikuna. Lakini Herbert wangu amekaa wima kama nguzo, hatikisiki, uso wote kwa Wanyera. Nikajivuna, nisidanganye. Nikamgusa Topista kwa kiwiko, maana alikuwa amekuja kusikiliza, nikamwambia, "Unaona heshima hiyo?" Topista akasema, "Naona," akarudi jikoni kuandaa samaki.

Wanyera akamaliza. Akasema, "Mkwe, umesikia tulikotoka?"

Kimya.

"Mkwe?"

Kichwa cha Herbert kikaenda nyuma taratibu kikalala juu ya kiti. Mdomo ukafunguka. Na ndani ya mdomo kuna pamba, nyeupe, imetokeza katikati ya meno.

Nyinyi mnajua pamba ya mdomoni ni ya nani. Mimi nimeosha maiti wa kambini tangu nikiwa msichana, nimewatia pamba puani na mdomoni kwa mkono huu. Sikuuliza, sikumgusa. Nilinyanyua mikono kichwani nikalia, na sauti yangu si ya mchezo, Nakaloke yote inaijua. "Amekufa! Mtoto wa watu amekufia kwetu!"

Na kwetu mtu akilia hivyo hawakai kuuliza, wanakuja. Wanawake waliokuwa uani wakajibwaga chini. Waliokuwa shambani wakaacha majembe. Mmoja akaja na mzigo wa kuni za kukeshea matanga. Muhamad mwenye duka akafika na turubai begani, tayari anaangalia pa kulifunga. Racheal alikuwa ndani, amevaa gauni jipya la gomesi, anangoja kuitwa. Alitoka mbio akaangukia magoti ya Herbert, akashika viatu vyake. Huyo hakupiga kelele. Alikuwa anatafuta hewa tu. Huyo nikimkumbuka, najificha uso hata nikiwa peke yangu.

Ndipo Herbert akaamka.

Akaona dunia nzima inalia. Akavua miwani. Akamwona Racheal miguuni, akaona kuni, akaona turubai, akaona mimi nimejishika kichwa. Akaitoa ile pamba, akaifumbata mkononi, na machozi yakaanza kumtoka mwenyewe. Akasema, "Poleni. Poleni sana. Nani amekufa?"

Wanyera akakohoa. "Ni wewe, bwana."

Kuna mtu nyuma alicheka, kisha wengine, kile kicheko cha kuuma kanga. Na kabla hakijaisha, Topista akatokea jikoni na lile sanduku limefunguliwa.

"Samaki wako wapi? Hivi ni vichupa vya nini?"

"Ni mate, Mama," Herbert akasema, akimjibu mama mkwe uso kwa uso, jambo ambalo nalo halifanywi.

"Mate ya nani?"

"Yangu."

Wale wazee wa Kisamia walichukua kofia zao. Hawakuaga. Walipokuwa wanatoka nikamsikia kijana mmoja wa kwetu akisema kwa sauti, ili wasikie vizuri, "Sisi tunasimama mbele ya kisu cha tohara macho wazi. Huyu ameshindwa kusimama mbele ya chai." Herbert aliwafuata ameinamisha shingo. Ile suti ya kuazima ilikuwa kubwa mabegani, kwa nyuma alionekana kama naye ameazimwa.

Matia akakaa na wazee. Uamuzi wao haukuchukua muda. Mtu aliyeliliwa kwenye uwanja huu hawezi kuoa kwenye uwanja huu, maana binti atakuwa ameolewa na marehemu, na hakuna atakayekaa vizuri kwenye ndoa hiyo. Mpaka kilio kichukuliwe. Na kilio hakijichukui. Mdomo uliokitoa lazima upite nyumba zote zilizokiitikia, na aliyeliliwa akiwa nyuma, watu wamwone, na kila mlango useme ni mzima.

"Na mdomo wenyewe ni wako, dada," Matia akasema.

"Mimi? Nimetiwa aibu mimi, na kuzunguka nizunguke mimi? Azunguke yeye aliyelala!"

"Aliyelala hakulia."

"Sizunguki."

"Basi haoi."

Asubuhi yake, kabla sijaondoka, Daktari Shadiah akafika na gari lake. Hakuja kuomba msamaha, msidhani. Alikuja kuchukua vichupa, Herbert amemwambia vilikobaki. Topista alikuwa amevichoma na pilipili nyuma ya choo, kwa sababu mate ya mtu kwenye kichupa ni uchawi mpaka uambiwe vingine. Daktari alipoonyeshwa majivu alikaa chini kwenye ngazi, na viatu vyake vizuri, akashika paji la uso.

Matia akamwambia, "Kabla ya vichupa, tueleze. Huyu kijana ana malale?"

Maana wazee wa upande huu bado wanaogopa ule ugonjwa wa mbung'o uliomaliza watu Busoga zamani za babu zetu. Mgonjwa alikuwa analala mchana, anakesha usiku, mpaka siku moja analala moja kwa moja.

"Hana malale, Afande. Damu yake ilipimwa. Ni saa ya mwili wake." Akafikiri. "Mtu ametoka Jinja anakuja Mbale, basi likaharibika Tirinyi, katikati ya njia. Jinja hayupo, Mbale hajafika. Herbert ndivyo alivyo. Usiku mwili unataka kulala, yeye yuko tanuruni. Mchana yeye anataka kulala, mwili unasema kumekucha. Amekaa njiani miaka."

"Na atafika lini?"

"Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye vile vichupa."

Matia akatazama chini. Topista akaenda jikoni ghafla, kana kwamba kuna kitu kinaungua. Mimi nikabaki, kwa sababu mimi sikuchoma kitu.

"Daktari," nikasema, "wewe ni mtu wa hapa. Pamba ulimtia mdomoni ya nini? Hujaona anayetiwa pamba mdomoni?"

"Mama yangu alipofariki," akasema, "nilimwosha mwenyewe. Nilimtia pamba kwa mkono huu. Na hizi nawagawia watu tangu mwaka jana." Akaugeuza mkono akautazama. "Sikuwahi kufikiria, Mama. Zinakuja kwenye boksi, zimefungwa moja moja. Sikufikiria."

"Usingizi umeusoma wote," nikamwambia, "kifo ukakiruka."

Alisema kuanzia hapo atawaambia wateme tu moja kwa moja. Nikamwambia asante kwa niaba ya wanaofuata. Wetu alikuwa amekwisha kufa.

Nikarudi Jinja na shingo yangu ngumu. Racheal akarudi nami. Ndani ya nyumba ikawa cherehani tu ndiyo inayoongea. Ananiamkia, anapiga magoti, ananiwekea chakula, anaondoka. Heshima yote ipo na hakuna neno ndani yake. Bora angenitukana. Sokoni nako habari ilikuwa imefika kabla yangu, sijui kwa miguu ya nani. Muuza nyanya mmoja akiniona ananyoosha ulimi kuonyesha hana pamba. Nikaanza kununua nyanya mbali.

Siku moja mchana, natoka nje kumwaga maji, naona dirisha la Herbert halina blanketi. Yeye mwenyewe amesimama mlangoni kwangu. Macho mekundu, mashavu yameingia ndani.

"Senge, shikamoo."

"Marahaba. Blanketi limeibiwa?"

"Nimelitoa. La nini? Silali."

"Hukuwahi kulala."

"Zamani nilikuwa nalala kidogo." Alikuwa anaangalia miguu yangu, si uso. "Sasa nikifunga macho nasikia sauti yako ikinililia. Naamka najishika, niko au siko. Juzi nilisinzia nimesimama pale tanuruni. Mwenzangu alinivuta kwa shati. Nimeomba zamu ya mchana, wanasema ningoje."

"Umekuja kunilaumu?"

"Hapana, Senge. Nilitaka tu ujue, Racheal asije akasema sikuaga."

Nikamwuliza unaaga unakwenda wapi. Akasema asante, akarudi kwake.

Sikumsamehe. Nasema hivyo hivyo, na yeye akisikia asikie hivyo. Alijua ana mate akaja. Alijua hajalala akaja. Aliona sanduku linaingia jikoni akashusha mkono. Neno moja, neno moja tu kutoka mdomo ule, na mimi leo ningekuwa napita sokoni kifua mbele. Lakini niliketi nikawaza: huyu akiangukia ndani ya lile tanuru, mimi nitafanya nini? Nimlilie tena? Mtu mmoja kilio mara mbili? Na hicho cha pili nani atakiitikia?

Nikamwambia Racheal afunge cherehani, amwite Herbert, tunakwenda Nakaloke.

Tulianza kwa Muhamad, kwa sababu nilijua ndiye atakayenichoma zaidi. Ilikuwa siku ya soko, duka limejaa. Mimi mbele, Herbert nyuma yangu, mikono ameikunja kama mfungwa. Muhamad akatuona toka mbali.

"Karibu Mama! Leo tunazika nani?"

Nikasema, "Huyu niliyemlilia ni mzima. Kilio changu nimekuja kukichukua."

Muhamad akatoka nyuma ya meza, akamzunguka Herbert kama anayenunua mbuzi. "Bwana, fungua mdomo." Herbert akafungua, mbele ya wateja wote. "Haya, pamba hamna. Chukua kilio chako, Mama. Na turubai lipo. Ukipata maiti mwingine anayekoroma, niite."

Dukani walicheka mpaka mtu akamwaga unga. Ningekuwa na umri wa Racheal ningempiga. Nikasema asante, nikatoka.

Mlango wa pili ni wa yule aliyeleta kuni. "Kuni zangu mlipikia nini?" akauliza.

"Chai."

"Chai ya marehemu aliyekataa chai!" Akapiga makofi. "Chukua, chukua, nimecheka kuliko nilivyolia."

Hivyo hivyo, mlango kwa mlango. Wengine walicheka, wengine walinipa kigoda kwa huruma, na huruma ndiyo mbaya zaidi. Wengine walimwambia Herbert pole wakanipita mimi kama mti. Herbert kazi yake ilikuwa kusimama na kuwa mzima, na hata hiyo aliifanya kwa haya, utadhani anaomba radhi kwa kupumua.

Nyumba ya mwisho ni ya mama yake Wanyera, bibi mkubwa kuliko mimi, karibu na njia ya kwenda kisimani. Alikuwa ametandika mkeka barazani anachambua maharage. Nikasema maneno yangu. Hakuinua uso.

"Wewe ulilia kwa mdomo," akasema. "Mimi nilikuja nikalia kweli. Nilimlilia huyo kwa machozi ya mwanangu niliyemzika mwaka ule. Nilikuwa nimeyaficha, nikaona nimepata msiba wa kuyatolea. Kisha naambiwa alikuwa amelala. Kilio unakuja kukichukua, sawa. Na hayo machozi yangu utanirudishiaje?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nilipiga magoti pale kwenye vumbi, magoti ambayo hata marehemu mume wangu hakuyaona vizuri, nikainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa mkeka wake. Nilisikia maharage yanadondoka kwenye ungo, moja moja, na watu wanapita na madumu, wanasimama, wanaona.

Baadaye akaniambia, "Inuka. Tazama mtu wako."

Nikageuka. Herbert hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza kuningoja, na hapo hapo, juani, jua la utosi, usingizi ulikuwa umemchukua. Ameegemea ukuta, miguu imenyooka, mdomo wazi. Anakoroma. Na si kile kisinzio chake cha uani, hapana, alikuwa amelala kama mtoto aliyeshiba.

Nikanyanyuka nimwamshe. Bibi akanishika kanga. "Mwache. Kilio chako kichukue, nimekupa. Machozi niachie."

Wasichana wawili waliotoka kisimani wakamwona, mmoja akaweka mkono mdomoni, nikaona kifua chake kinajaa hewa. Nikamwahi. "Amelala!" nikasema. "Amelala tu! Sogea usikie, anapumua." Wakasogea, wakasikia, wakaondoka wanasukumana. Nikaona sina namna. Nikasimama kati ya Herbert na njia.

Habari ilimfikia Matia kwamba mkwe wako ameanguka tena. Akaja na fimbo yake, anatembea haraka, Wanyera nyuma yake. Akasimama mbele ya Herbert muda mrefu. Akainama, akasikiliza. Nilimtazama kaka yangu usoni nikaona na yeye anaona haya, sijui ya nini, labda ya ile chai, labda ya miwani.

"Nyumba zote umemaliza?"

"Zote."

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

Akavuta pumzi. "Basi akiamka mwambie awatafute tena wale wazee wake. Na siku aitaje yeye, inayomfaa. Mimi nitakuwepo."

"Hutaki kumwambia mwenyewe?"

"Nimwamshe?" akasema, kama nimemwambia achome kanisa. Wakaondoka na Wanyera, wanakanyaga polepole.

Mimi nikabaki nimesimama. Mgongo unaniuma, jua linanichoma shingo. Soko lilikuwa linatoka na watu wote wa Nakaloke walipita njia ile na mizigo yao, na kila mmoja alinitazama mimi, si yeye. Na mimi kwa kila mmoja, bila kuulizwa, kwa sauti ile ile, nilisema: amelala, huyu ni mkwe wetu, amelala.